Kitabu Gani cha Kwanza? Uprogramu Sambamba kwa Watumishi wa Afya Simiyu

Mwishoni mwa kila mwezi, katika zahanati na vituo vya afya vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, hufanyika kazi ambayo wagonjwa hawaioni. Rejesta za MTUHA hufunguliwa juu ya meza na watumishi huanza kuhesabu: wangapi walipimwa malaria, wangapi walikutwa nayo, kati yao watoto wa chini ya miaka 5 ni wangapi, kina mama wangapi walihudhuria kliniki. Mtumishi aliye peke yake hukaa na rejesta hiyo mpaka jua linapozama. Walipo wanne hugawana kurasa. Kila mmoja huhesabu sehemu yake, huandika jumla yake pembeni, na mwishowe jumla hizo 4 hukabidhiwa mmoja wao azijumlishe. Hakuna semina iliyowafundisha utaratibu huo. Wameubuni kwa sababu kazi ni ndefu na siku ni fupi.

Huo ndio uprogramu sambamba, isipokuwa kompyuta haijaingia. Kompyuta inapoingia, jambo lenyewe halibadiliki sana. Hubadilika ukali wa masharti yake. Watumishi 4 wakikosea kugawana kurasa, mmoja atagutuka na kusema, “Ukurasa huu nimekwisha kuuhesabu.” Mashine haigutuki.

Kwa miaka mingi kompyuta iliongezewa kasi kwa njia moja kuu: kuufanya moyo wake upige haraka zaidi. Kufikia mnamo mwaka 2005 njia hiyo ilikuwa imegonga mwamba, kwani joto lililotokana na kasi hiyo lilikuwa halivumiliki tena. Watengenezaji wakaanza kuweka viini kadhaa vya kuchakata ndani ya kompyuta moja. Leo kompyuta mpakato ya kawaida ina viini 4 au 8. Lakini programu iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani hutumia kiini kimoja tu, vingine vikiwa vimekaa, mfano wa wodi yenye wauguzi 8 ambamo mmoja anahudumia na 7 wamesimama dirishani. Ili viini vyote vifanye kazi, mwandishi wa programu hana budi kujifunza kugawa kazi, kuwapa watendaji wengi, na kuikusanya tena bila kupoteza wala kurudia kitu.

Swali basi ni hili: mtumishi wa afya wa Simiyu anayetaka kujifunza jambo hilo aanze na kitabu gani? Kwa msomaji aliye mbali swali hilo huonekana dogo. Kwa mteknolojia wa maabara wa Maswa, kwa afisa tehama wa hospitali ya Bariadi, au kwa tabibu anayejiandaa kwa masomo ya uzamili, si dogo hata kidogo. Vitabu vya aina hii havipatikani katika maduka ya vitabu ya mjini Bariadi. Huagizwa kutoka mbali, hupitia Mwanza, hushuka Lamadi na kupanda basi jingine. Bei yake, ikigeuzwa kuwa pamba mizanini, ni pamba nyingi. Anayechagua vibaya hana fedha ya kuchagua tena mwezi unaofuata. Hufunga kitabu katika sura ya pili, hukiweka juu ya kabati, na kuanzia siku hiyo huamini kuwa kazi hiyo ni ya watu wengine. Hasara hiyo haiingizwi katika rejesta yoyote.

Yuko atakayeuliza kwa nini mtumishi wa afya ajisumbue, ilhali wapo wataalamu wa kompyuta. Jibu liko katika aina ya maswali ambayo tiba huuliza siku hizi. Kinasaba cha binadamu kina herufi zipatazo bilioni 3, na hata kile cha kimelea wa malaria kina herufi kama milioni 23. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zitumike kusoma picha za eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi; programu hizo zisingefunzwa kamwe na kompyuta inayofanya jambo moja baada ya jingine. Malaria nayo ina historia yake. Kuanzia miaka ya 2005 na 2006, watafiti wa Uswisi waliendesha mradi ulioitwa malariacontrol.net, ambamo watu wa kawaida duniani walitoa muda ambao kompyuta zao zilikuwa hazitumiki, ili mashine hizo zikokotoe, kila moja kipande chake, jinsi ugonjwa unavyoenea na jinsi chanjo au vyandarua vingeupunguza. Vipimo vya mbu kutoka kijiji cha Namawala, katika Bonde la Kilombero, vilikuwa miongoni mwa vilivyolisha mahesabu hayo. Takwimu zilitoka Tanzania, lakini mikono iliyoandika programu ilikuwa mbali. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini hali hiyo haina budi kubadilika, nayo haitabadilika bila watu kusoma.

Mfano wa karibu zaidi ni kichocho. Mkoa wa Simiyu unakifahamu kwa sura zake zote mbili, cha mkojo katika wilaya za bara na cha matumbo kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria huko Busega. Kichocho cha mkojo hupimwa kwa kuchuja mililita 10 za mkojo na kuhesabu mayai chini ya hadubini. Yakifika 50 au zaidi, maambukizi huhesabiwa kuwa mazito. Chukua mfano wa utafiti wenye picha 4,000 za hadubini, na programu inayotumia sekunde 3 kuikagua kila picha. Kiini kimoja kitahitaji dakika 200. Viini 4, kazi ikigawanywa vema, vitahitaji kama dakika 50 na ziada kidogo ya kugawana na kukusanya. Picha moja haitegemei nyingine, hivyo huu ni usambamba rahisi kuliko wote. Inafaa mwanafunzi auanze hapo, si kwingine.

Hata hivyo, kasi si sababu pekee ya kujifunza, wala si kubwa kuliko zote. Sababu kubwa ni makosa.

Dirisha la dawa lina wahudumu wawili, kila mmoja na kompyuta yake, wote wakisoma salio moja la dawa mseto ya malaria. Salio ni dozi 60. Wa kwanza anasoma 60, anatoa dozi 4. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 60, anatoa dozi 6. Wa kwanza anaandika 56. Wa pili anaandika 54. Kwenye rafu zimebaki dozi 50, na kwenye mfumo zinasomeka 54. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea hesabu, na kila mmoja akiulizwa ataapa kwa haki kwamba alifanya ipasavyo. Mwezi ukiisha, tofauti hizo ndogo hujikusanya, na oda inayopelekwa Bohari ya Dawa huwa imejengwa juu ya salio lisilokuwepo. Mgonjwa wa mwisho ndiye anayeambiwa dawa imekwisha.

Mifumo iliyojengwa vizuri huzuia jambo hilo. Lakini huzuia kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, alijifunza kwamba linaweza kutokea. Leja ya karatasi ilikuwa na kinga yake bila mtu kuijua: kitabu kimoja na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi. Mwenye kalamu aliandika, mwingine alingoja. Kompyuta iliikata kamba ile, na ni wajibu wa mwandishi wa programu kuifunga upya. Mganga mfawidhi asiyejua neno lolote la lugha ya C akilielewa hili tu, ataweza kumwuliza anayemletea mfumo mpya swali linalostahili kuulizwa: watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja, nini hutokea?

Sasa vitabu vyenyewe. Vipo vingi, na vilivyo vizuri si vichache. Tabu ni kwamba uzuri wa kitabu na ufaafu wake kwa anayeanza ni mambo mawili.

Kile cha Grama, Gupta, Karypis na Kumar, Introduction to Parallel Computing, toleo la pili la mwaka 2003, kimejaa hesabu na uchambuzi wa kina. Kina neno la utangulizi katika jina lake, ila ni utangulizi kwa mtu ambaye tayari yuko ndani ya nyumba. Cha Herlihy na Shavit, The Art of Multiprocessor Programming, kilichotoka mwaka 2008, ni kitabu kizuri mno juu ya kufuli na kugombea kumbukumbu. Hufungua kwa kisa cha majirani wawili ambao wanyama wao hawapaswi kukutana uani. Kisa kinavutia, na kurasa chache baadaye msomaji huwa ameshazama katika uthibitisho wa kihisabati. Cha Kirk na Hwu, kilichotoka mwaka 2010, kinafundisha kutumia kadi za michoro, ambazo ndizo huendesha programu za akili unde. Vijana wengi hukikimbilia hicho kwanza, kwa kuwa akili unde ndiyo habari ya siku. Lakini kinataka kadi ya kampuni ya NVIDIA, ambayo kompyuta nyingi za Bariadi hazina. Kumpa mwanafunzi kitabu hicho bila kifaa ni kumfundisha kushona jeraha kwa maneno.

Cha Ian Foster, Designing and Building Parallel Programs cha mwaka 1995, ni kizee kwa umri wa fani hii. Lakini kinasomeka bure kwenye intaneti, na fikra yake kuu haijazeeka: gawanya kazi vipande vidogo, tazama ni nani atahitaji kuzungumza na nani, unganisha vipande vinavyozungumza sana, kisha vigawe kwa watendaji. Muuguzi kiongozi anayepanga zamu atatambua kwamba hatua hizo si ngeni kwake.

Kitabu kinachofaa kuwa cha kwanza ni cha Peter Pacheco, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha San Francisco: An Introduction to Parallel Programming, kilichotoka mwaka 2011, na toleo lake la pili ambalo aliliandika pamoja na Matthew Malensek. Hakidai kwamba msomaji awe bingwa wa hisabati. Kinadai ajue kuandika programu ndogo kwa lugha ya C, na asiyeijua aianze hiyo kwanza. Miezi michache ya jioni yatosha. Mazoezi yake yanafanyika kwenye kompyuta ya kawaida, bila intaneti, jambo ambalo si dogo mahali ambapo bando huisha kabla ya somo.

Sura yake ya kwanza inafungua kwa mfano ule ule wa rejesta. Viini kadhaa vinatafuta jumla ya namba nyingi. Kila kimoja kinajumlisha sehemu yake, kisha jumla ndogo zinakusanywa. Hapo mwandishi anauliza: je, zote zikabidhiwe kiini kimoja, au zijumlishwe mbili mbili mpaka ibaki moja? Watumishi wanne hawaoni tofauti. Wangekuwa elfu moja, yule mmoja anayepokea jumla zote angekesha, ilhali wale wanaojumlishana mbili mbili wangemaliza katika mizunguko kumi. Sura hiyo hiyo ina mfano wa mwalimu na wasaidizi wake wanaosahihisha mitihani: ama kila mmoja asahihishe swali lake katika karatasi zote, ama kila mmoja achukue rundo la karatasi na kusahihisha maswali yote. Badala ya mitihani weka wagonjwa. Hospitali ambayo mgonjwa hutoka mapokezi, akaenda kwa daktari, maabara, kisha dawa, imechagua njia ya kwanza. Timu ya mkoba inayofika kijijini na kila mtumishi akamhudumia mtu wake kuanzia mwanzo hadi mwisho imechagua ya pili. Hakuna iliyo bora wakati wote, na mjadala wa ipi itumike lini ni wa uongozi wa hospitali sawa na ulivyo wa kompyuta.

Lipo jambo jingine ambalo mwandishi wa kitabu huenda hakulikusudia. Mfano anaourudia katika sura ya MPI na ile ya OpenMP ni ukokotoaji wa eneo chini ya mchirizo kwa kulikata vipande vya trapeza na kuvijumlisha. Wanafunzi wa uhandisi huuona kama zoezi la hisabati lililo kavu. Mfamasia aliyesoma mwenendo wa dawa mwilini anaujua vizuri: ndivyo anavyokokotoa jumla ya dawa iliyoufikia mwili, kwa kupima kiwango katika damu saa ya 0, ya 1, ya 2, ya 4 na ya 8, na kujumlisha vipande vilivyo chini ya mstari. Kwa mgonjwa mmoja kalamu inatosha. Kwa watafiti wanaotaka kujaribu maelfu ya wagonjwa wa kubuni, kila mmoja na uzito wake na figo zake, kalamu haitoshi wala kiini kimoja hakitoshi. Na katika sura ya OpenMP, nyuzi za programu zinapotaka zote kuongeza vipande vyao kwenye jumla moja kwa wakati mmoja, kosa lile la dirisha la dawa hutokea mbele ya macho ya mwanafunzi: jibu hutoka pungufu, leo hivi na kesho vile. Hapo ndipo anapofundishwa kuweka mlango ambao huingia mmoja mmoja. Somo hilo, akilipata kwa mikono yake mwenyewe na kuliona jibu likiyumba, halitamtoka.

Kitabu kina kasoro, na ni vema isemwe. Mpangilio wake huanza na MPI, yaani mtindo wa michakato isiyoshiriki kumbukumbu bali hutumiana ujumbe, kama vituo vya afya vinavyoandikiana barua. Mtindo huo ulipata kanuni zake mwaka 1994 na ndio unaotawala katika kompyuta kubwa. Unaweza kujaribiwa hata kwenye kompyuta moja. Ila una maneno mengi kabla ya matunda ya kwanza. Mtumishi anayesoma saa moja usiku baada ya zamu anahitaji tunda la kwanza mapema. Kwa hiyo asome sura ya kwanza, apitie ya pili kwa haraka bila kuikariri, kisha aruke mpaka ya tano, ya OpenMP, ambamo programu ya kawaida hugeuzwa kuwa sambamba kwa kuongeza mstari mmoja wa maelekezo juu ya mzunguko. Akishaona viini vyote vikifanya kazi na muda ukipungua, arudi sura ya tatu. Wapo walimu watakaoona kuruka huko ni utovu wa nidhamu. Nidhamu ya kitabu ni njema kwa mwanafunzi wa kutwa mwenye mwalimu mbele yake. Anayejifundisha mwenyewe Bariadi anahitaji kwanza sababu ya kuendelea.

Kwa mtafiti ambaye hana nia ya kuandika programu bali ana takwimu za kuchambua, njia fupi ipo. Lugha ya R, ambayo wanafunzi wengi wa uzamili wa afya huifahamu, imekuwa na zana za usambamba ndani yake tangu mwaka 2011. Sura ya kwanza ya Pacheco na zana hizo vitamtosha kwa muda mrefu.

Inabaki lugha, na hapa ndipo penye uzito. Vitabu vyote vilivyotajwa ni vya Kiingereza. Watumishi wa afya wana mfano wao wa kitabu cha kwanza, ambacho nakala zake zimechakaa katika zahanati nyingi: Mahali Pasipo na Daktari. David Werner hakukiandika kwanza kwa Kiingereza. Alikiandika kwa Kihispania, kwa ajili ya wakulima wa milima ya Meksiko, kikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Toleo la Kiingereza lilifuata mwaka 1977, na lugha nyingine baadaye, Kiswahili kikiwemo. Kitabu kilianzia kwa mwenye shida na lugha yake, kisha kikasafiri. Kwa upande wa kompyuta, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuonyesha kwamba inawezekana: mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Istilahi zilipatikana, na anga halikuanguka.

Kutafsiri kitabu kizima cha Pacheco si lazima wala si busara, maana mwanafunzi atakutana na Kiingereza katika kila ujumbe wa kosa ambao mashine itamrushia. Kinachohitajika ni kijitabu cha kurasa 40 hivi, kwa Kiswahili, cha kusomwa kabla ya Pacheco na kukaa kando yake. Chuo kikuu cha afya kinafaa kukiandika kuliko chuo cha uhandisi, kwa sababu mifano yake iko hospitalini.

Mifano hiyo haina budi kutoka hapa. Fumbo maarufu la mkwamo, lililobuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1965, husimuliwa kwa wanafalsafa 5 waliozunguka meza, kila mmoja akihitaji uma 2 ili ale, na uma ziko 5 tu. Kila mmoja akishika uma wa kushoto na kungoja wa kulia, wote watakufa njaa. Mwanafunzi aliyelelewa katika sahani moja ya ugali, ambamo mkono ndio uma, hupoteza dakika kumi akijiuliza kwa nini mtu mzima ahitaji uma 2 kula chakula chake. Mwambie badala yake: wauguzi wawili wodini, mashine moja ya shinikizo la damu na stetoskopu moja. Mmoja ameshika mashine anangoja stetoskopu, mwingine ameshika stetoskopu anangoja mashine, na hakuna anayeachia. Ameelewa kabla sentensi haijaisha, na pengine amemkumbuka mtu.

Usukumani pia una hazina ambayo vitabu vya Marekani havina. Wakulima wanaolima kwa ngoma ya bugobogobo husimama kwa safu, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Shamba limegawanywa, kila mtu na mstari wake, na ngoma ndiyo inayozuia mwenye nguvu asiwaache wenzake nyuma. Katika kompyuta huitwa kizuizi: nyuzi zote hufika hapo, huhesabiana, ndipo huendelea. Mwanafunzi atauliza swali zuri mara moja, kwamba mmoja akichelewa, je, wote hungoja? Ndiyo, wote hungoja. Ndiyo maana kugawa kazi kwa usawa ni nusu ya fani hii.

Kijitabu hicho hakiwezi kukosa kanuni ya Gene Amdahl ya mwaka 1967, na wagonjwa ndio watakaoielewa upesi kuliko wote. Chukua kazi ya dakika 100, ambamo dakika 20 ni za sehemu isiyogawanyika. Watendaji 4 wataifanya kwa dakika 40: zile 20, na robo ya 80. Wakiwa 8 wataifanya kwa dakika 30. Wakiwa elfu moja, haitashuka chini ya 20. Aliyewahi kukaa kwenye benchi tangu alfajiri anaijua kanuni hii bila hesabu. Huongezwa madaktari, vyumba vikafunguliwa, na foleni ikabaki vile vile, kwa kuwa mashine ya maabara ni moja na kila mtu hupita hapo. Mkoa wenye zaidi ya watu milioni 2 kwa sensa ya mwaka 2022 hauwezi kuendelea kuongeza watendaji mahali pasipo na kizibo. Kitabu cha kompyuta kinachomfundisha afisa wa afya kutafuta kwanza sehemu isiyogawanyika kimekwisha kumlipa, hata asipoandika programu yoyote maishani.

Jambo la mwisho linahusu usalama wa wagonjwa. Mwanafunzi mwenye hamu atashawishika kunakili rejesta halisi kwenye kompyuta yake ili apate data ya kufanyia mazoezi. Asifanye hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inazihusu taarifa hizo, na hata isingekuwepo, siri ya mgonjwa ilitangulia sheria. Data ya kubuni inatosha kabisa: programu ya mistari michache yaweza kutunga wagonjwa laki moja wasiokuwepo, wenye umri, uzito na vipimo vya kubahatisha, na viini havitajua tofauti.

Zoezi la kwanza la kijitabu linaweza kuwa hilo hilo la mwisho wa mwezi. Wagonjwa laki moja wa kubuni, swali moja: wangapi walikutwa na malaria? Programu iendeshwe kwa kiini kimoja, muda uandikwe. Iendeshwe kwa viini 4 bila kufuli, na jibu liandikwe mara kumi mfululizo, ili ionekane namna linavyobadilika. Kisha iwekewe kufuli, jibu litulie, na muda uandikwe tena. Mwanafunzi atashangaa kukuta pengine imekuwa polepole kuliko ilipokuwa na kiini kimoja, kwa kuwa nyuzi zote zimepanga foleni mlangoni kwa kila mgonjwa. Ndipo aambiwe afanye walivyofanya watumishi wale wanne: kila mmoja ahesabu yake pembeni, na mlangoni apite mara moja tu.